Picha ya Spitfire yenye saini za marubani: ina thamani gani, na nitaitunzaje?

Swali: "Naishi Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Mzee mmoja niliyemhudumia kwa muda mrefu amefariki, na wanawe wamenipa picha iliyokuwa ukutani kwake: ndege mbili za Spitfire, zile za kivita za Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, juu ya mawingu. Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa ndege jeshini, si rubani. Chini ya picha kuna maandishi ya penseli: 412/850, saini ya mchoraji, na saini nne nyingine. Moja inasomeka Johnnie Johnson, nyingine sizisomi. Cheti hakuna. Kadi inayoizunguka picha ndani ya kioo imeanza kuwa ya kahawia na kuna vidoa vidogo. Rafiki yangu ameona mtandaoni picha kama hii ikiuzwa pauni 495, anasema kwa kuwa marubani wenyewe wameshakufa hii ni mali kubwa. Mume wangu aliyeko Tanga anasema ni kopi tu, haina thamani. Mwakani narudi nyumbani na ningependa kwenda nayo. Niiuze au niitunze? Nibadilishe fremu? Na saini nitajuaje kama ni za kweli?"

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mzee wako. Kabla ya yote nakuomba jambo moja: usiifungue fremu wala usiguse yale madoa mpaka umalize kusoma hapa. Kwa maelezo yako, uwezekano mkubwa ni kwamba unayo nakala halali ya toleo lenye idadi maalumu, yenye saini za mkono. Utajiri hutaupata humo. Ila ni kitu cha kutunzwa, na kuna karatasi moja unayopaswa kuitafuta mapema wakati watoto wa marehemu bado wanakumbuka vizuri. Nitaifikia.

Mume wako na rafiki yako kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Mchoraji huchora picha moja tu, kwa kawaida kwa rangi za mafuta kwenye turubai. Mchapishaji huipiga picha hiyo kwa uangalifu, hutenganisha rangi zake kuwa nne, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, kisha huichapa kwa mashine ya ofseti kwenye karatasi nzito. Nakala zikishachaguliwa, tuseme 850, mchoraji huketi na penseli akaandika namba na saini kwenye kila moja. Rundo hilohilo hupelekwa kwa wanajeshi wa zamani walioshiriki vita inayoonyeshwa, nao wakatia saini zao. Kwa hiyo mume wako hajakosea: picha yenyewe ni kazi ya mashine. Lakini penseli iliyo chini yake ni kazi ya mkono, na thamani yote ya vitu hivi imekaa hapo, kwenye nafasi ya vidole viwili chini ya picha.

Biashara hii ilishika kasi miaka ya 1970. Marekani kulikuwa na Greenwich Workshop ya Connecticut, iliyoanza mwaka 1972. Uingereza jina kubwa likawa Military Gallery ya mji wa Bath, iliyochapa kazi za Robert Taylor na baadaye Nicolas Trudgian. Wako pia Gerald Coulson na Frank Wootton, huyu wa mwisho akiwa amechora kwa ajili ya jeshi la anga la Uingereza wakati wa vita yenyewe. Mojawapo ya nakala za mwanzo za Robert Taylor ilitiwa saini na marubani wawili mashuhuri, Douglas Bader, aliyerudi kurusha ndege za kivita baada ya kukatwa miguu yote miwili, na huyo Johnnie Johnson wako. Watu waliipenda mno, na tangu hapo wachapishaji wakawa wanawatafuta maveterani wa pande zote, Wajerumani wakiwemo. Adolf Galland na Günther Rall walitia saini nyingi sana. Basi soma jina la mchoraji kwanza, maana ndilo litakalokufikisha kwa mchapishaji, na kwa mchapishaji ndiko iliko orodha ya nani alitia saini toleo gani. Hata zile saini tatu usizozisoma zitatambulika kwa njia hiyo, kwa sababu toleo zima huwa na majina yaleyale.

Tuje kwenye ile 412/850. Wengi huamini kwamba namba ndogo ni bora kuliko kubwa. Imani hiyo imetoka kwenye sanaa nyingine, ile ya kuchanja bamba la shaba kwa sindano. Bamba la namna hiyo huchakaa kila linapobanwa, kwa hiyo nakala za mwanzo hutoka kali kuliko za mwisho. Ofseti haina tatizo hilo kwa nakala mia nane na kitu, tena namba huandikwa kwa mkono baadaye, bila kujali ipi ilitangulia kutoka mashineni. Yako ya 412 ni sawasawa na ya 12. Pia 850 si lazima iwe idadi yote iliyopo duniani. Pembeni ya toleo huwa kuna nakala za msanii, zilizoandikwa AP, ambazo kwa desturi ya zamani zilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya toleo, na wakati mwingine nakala za mchapishaji pia. Katika picha za ndege, hizo AP mara nyingi hupewa saini za ziada, na baadhi huchorwa kwa mkono mchoro mdogo wa penseli ukingoni. Mchoro huo ni kazi halisi ya msanii, hauna wa pili, na hupandisha bei kwelikweli. Ukiuona kwenye yako, niliyosema kuhusu fedha yabadilishe.

Sasa saini, na hapa nataka twende polepole.

Kwanza jiulize kwa nini penseli. Penseli ni grafiti, yaani kaboni, na kaboni haipauki kwa mwanga. Wino wa kalamu nyingi hupauka, na kalamu za rangi hupauka vibaya zaidi. Ndiyo maana unaweza kukuta picha iliyokaa juani miaka thelathini, rangi zimekwisha, na saini bado imesimama. Ili kuichunguza huhitaji kuitoa kwenye fremu. Tafuta lenzi ya kukuzia, ile ya kukuza mara kumi inatosha, na taa ndogo. Zima taa ya chumba, leta mwanga kutoka ubavuni, ukiwa umelala sambamba na kioo. Penseli ya kweli itang'aa kidogo kwa rangi ya kijivu, utaona punje za grafiti zimekaa juu ya nyuzi za karatasi, na pengine mfereji mwembamba pale mkono ulipokaza. Kisha peleka lenzi kwenye picha yenyewe, kwenye bawa la ndege au wingu: utaona vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa. Rudi kwenye saini. Ukiona vidoti vilevile ndani ya mstari wa saini, basi hiyo imechapwa pamoja na picha. Usishtuke ukikuta saini mbili za mchoraji, moja ndani ya picha yenye vidoti na nyingine chini kwa penseli. Ndivyo inavyokuwa: ya ndani aliiandika kwenye turubai, ikachapwa na mengine.

Kuna watu watakushauri uipitishie raba au kidole chenye mate uone kama itafutika. Itafutika, na utakuwa umeharibu kitu pekee chenye thamani humo.

Lenzi itakuambia kwamba mtu aliandika kwa mkono. Haitakuambia ni mtu gani. Kwa hilo unahitaji tarehe. Nakala hizi kwa kawaida zina mwaka wa haki miliki umechapwa kwa herufi ndogo ukingoni. Ulinganishe na mwaka wa kufa wa kila aliyetia saini. Douglas Bader alifariki Septemba 1982. Saini yake kwenye ukingo wa nakala iliyochapwa 1990 haiwezekani. Guy Gibson, aliyeongoza kikosi cha 617 kulipua mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, aliuawa Septemba 1944, miaka mingi kabla ya biashara hii kuanza, kwa hiyo hakuna nakala ya namna hii aliyoitia saini. Ila uwe makini na kitu kimoja: wachapishaji na wauzaji wengine huchukua saini ya zamani iliyokatwa kwenye barua au kadi, wakaitegesha kwenye dirisha dogo la kadi ya ukingo, chini ya picha. Hiyo ni halali ikiwa saini yenyewe ni ya kweli. Na ndiyo sababu kadi ya ukingo haitupwi kabla mtu hajaikagua pande zote mbili, hata kama imekuwa ya kahawia.

Kuhusu Johnson wako, kuna mtego unaowanasa hata wauzaji. Wapo watatu. Wa kwanza ni James Edgar "Johnnie" Johnson, rubani wa Spitfire aliyehesabiwa ndege 34 za adui alizoziangusha peke yake, aliyefariki mwaka 2001. Wa pili ni George "Johnny" Johnson, ambaye hakuwa rubani bali mlenga mabomu kwenye Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, katika shambulio lile la mabwawa. Ndiye aliyebaki wa mwisho miongoni mwa wanaume 133 walioruka usiku ule, naye alifariki Desemba 2022. Wa tatu ni Mmarekani Robert S. Johnson, rubani wa ndege ya kivita ya Thunderbolt, aliyefariki 1998. Kwa picha ya Spitfire na jina linaloishia kwa "ie" kama ulivyoliandika, yako karibu hakika ni ya yule wa kwanza. Ni habari njema kwa historia, lakini kwa bei ni ya wastani, kwa sababu mzee huyo alitia saini kwa ukarimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Saini yake si adimu.

Na hapo ndipo rafiki yako alipopotea. Ni kweli waliopigana angani kuitetea Uingereza mwaka 1940 wameisha wote. Wa mwisho, John Hemingway, alifariki Machi 2025. Lakini mtu akifa, saini mpya ndizo zinazokoma. Zile 850 alizokwisha kuziandika kwenye toleo lako bado zipo, pamoja na maelfu kwenye matoleo mengine. Bei huamuliwa na wanaotafuta wakilinganishwa na wanaouza. Walionunua picha hizi kwa hamu miaka ya 1980 na 1990 wengi walikuwa watoto wa vita, watu waliokuwa wakitazama ndege hizo zikipita juu ya nyumba zao. Leo watu hao ni wazee sana au wameshafariki, na familia zao zinapeleka picha mnadani kwa wakati mmoja. Wanaouza wameongezeka, wanunuzi wamepungua. Kuna nakala za miaka hiyo ambazo leo zinauzwa chini ya bei zilizouzwa nazo mara ya kwanza, na hapo hatujagusa mfumuko wa bei.

Pauni 495 uliyoambiwa ni bei ya kuombwa. Muuzaji wa duka anaweza kuiweka na kungoja miaka mitano mteja mmoja atakayeipenda. Ukitaka kujua kitu kinauzwaje, tazama matokeo ya minada iliyokwisha. Huko, nakala ya kawaida ya Spitfire kutoka toleo la mamia, yenye saini nne na fremu ya zamani, mara nyingi huishia kwenye makumi ya pauni. Ikipata wanunuzi wawili wanaogombea, huvuka mia. Tuseme yako imegongewa nyundo kwa 80. Nyumba ya mnada ikikata kamisheni ya asilimia 15, ni pauni 12, na kodi ya asilimia 20 juu ya kamisheni hiyo ni 2.40. Unabaki na 65.60, na baadhi hutoza pia ada ya kupiga picha. Hiyo ndiyo hesabu ya kuuza.

Niseme na hili, ingawa hukuuliza. Spitfire na Lancaster zimechorwa mno kiasi kwamba ukumbi wowote wa mnada Uingereza utakutana nazo. Ndege za mizigo kama Dakota zimechorwa kidogo. Lakini kwetu sisi Dakota ina historia nzito: mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki, vijana wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku kwetu), walipokuwa wakisonga kwenye bonde la Kabaw huko Burma katikati ya masika ya huko, chakula na risasi zao zilidondoshwa na ndege kwa sababu barabara zilikuwa tope. Mtu wa Tanga au Machakos anayetaka kuanza kukusanya picha hizi angeanzia huko, na wala hangelipa ghali.

Kukosa cheti kusikunyime usingizi. Cheti ni karatasi iliyochapwa. Husaidia, lakini hakiifanyi saini ya uongo kuwa ya kweli, na vyeti hupotea au kuhamishiwa picha nyingine. Isipokuwa kwenye matoleo ambayo cheti chenyewe kilitiwa saini na marubani wa ziada. Hapo kukikosa kunapunguza bei. Mthamini atakuambia toleo lako ni la aina gani.

Karatasi ninayokutaka uitafute ni nyingine. Waombe watoto wa marehemu wakuandikie barua fupi, yenye tarehe na saini, wakisema picha hii ilikuwa ya baba yao, alifanya kazi gani jeshini na kwenye kikosi kipi, aliipata vipi kama wanajua, na kwamba wamekupa wewe kwa hiari yao baada ya kifo chake. Barua hiyo itafanya kazi mbili. Kwenye soko, itaonyesha picha imetoka wapi. Sikudanganyi, kwa kuwa mzee hakuwa miongoni mwa waliotia saini, haitaongeza fedha nyingi. Lakini mnunuzi makini atailipia kidogo zaidi, na wajukuu zako watajua mzee alikuwa nani. Kazi ya pili ni kukulinda wewe. Waajiri wengi wa kazi ya kuhudumia wazee Uingereza wana sheria kali kuhusu zawadi kutoka kwa mteja au familia yake, na mfanyakazi anaweza kuingia matatani kwa kitu alichopewa kwa upendo. Kama hujamwarifu msimamizi wako, mwarifu kwa maandishi, uweke nakala.

Sasa yale madoa. Kadi za bei nafuu na mbao za mgongo wa fremu hutengenezwa kwa massa ya miti ambayo hayakusafishwa vizuri, na kadiri miaka inavyopita hutoa asidi. Asidi hiyo huihama kadi ikaingia kwenye karatasi ya picha, ikaacha mstari wa kahawia kuzunguka picha pale kadi inapoigusa. Tazama ule ukingo uliokatwa kwa mshazari kwenye dirisha la kadi: ukiwa mweupe, kadi ni nzuri, ukiwa wa kahawia, inapaswa kuondoka. Vile vidoa vinavyofanana na kutu hutokana na kuvu na chembe za chuma zilizomo kwenye karatasi, vikichochewa na unyevu. Kuna na mwanga. Kwenye nakala za ofseti, majenta na njano hupauka mapema, ndiyo maana picha iliyokaa dirishani hubaki na rangi ya buluu buluu. Fremu ikifunguliwa, linganisha sehemu iliyofunikwa na kadi na ile iliyokuwa wazi, utajua imepoteza kiasi gani. Hasara hiyo hairudishwi na mtu yeyote.

Kwa hiyo ndiyo, ningebadilisha kadi na ubao wa nyuma kwa karatasi isiyo na asidi, na kuweka kioo kinachozuia miale ya urujuanimno. Mwambie fundi fremu maneno haya: picha isigundishwe kwenye ubao, isikatwe ukingo hata milimita moja, isitiwe gundi ya selotepu popote. Ishikiliwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ambayo hutoka kwa maji. Fundi akikuambia ataigundisha kwa joto ili isijikunje, mshukuru na uondoke, maana wanunuzi wengi hukimbia nakala iliyogundishwa. Ujue pia kwamba fremu ya viwango hivyo Uingereza hupita bei ya nakala kwa urahisi. Mimi ningelipa kwa kitu ninachokusudia kukaa nacho. Kama unakusudia kuuza, usiguse chochote, uza ilivyo.

Tanga ni mtihani wa kweli. Kuvu hustawi hewa inapokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, na pwani yetu hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka. Usiipakie kwenye kontena pamoja na vyombo vya nyumbani. Ndani ya kontena joto hupanda mchana, usiku mvuke hugeuka matone, na wiki kadhaa za baharini zinatosha kuota ukungu. Safiri nayo kwa ndege. Itolewe kwenye fremu, izungushwe kwa ulegevu na karatasi isiyo na asidi ndani ya bomba pana, kipenyo kisipungue sentimita 10, na ikifika ikunjuliwe siku hiyohiyo. Nyumbani itundike kwenye ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua za kusi, mbali na jua na jiko. Nyuma ya fremu bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe zote nne ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kati ya kioo na karatasi lazima iwepo nafasi. Usiihifadhi ndani ya nailoni iliyofungwa, na kila mwezi iangalie kwa nyuma, maana mchwa hawapigi hodi.

Kumwona mtaalamu ana kwa ana ni lazima katika hali mbili. Ukikuta ukungu ulio hai, yaani unga au manyoya yanayotoka kwa kugusa, au karatasi imeganda kwenye kioo, usivute. Tafuta mhifadhi wa kazi za karatasi; taasisi ya wahifadhi ya Uingereza, Icon, ina daftari la waliothibitishwa. Muulize gharama kabla, kwa sababu kuna matibabu yanayozidi thamani ya picha na yeye mwenyewe atakuambia. Hali ya pili ni pale unapoona mchoro wa penseli ukingoni, saini iliyotegeshwa dirishani, au jina la rubani usilolitegemea. Hapo ipeleke kwa nyumba ya mnada yenye mauzo ya vitu vya kijeshi. Nyingi huthamini bila malipo. Uulize bei ya mnada na bei ya bima kila moja peke yake, kwani ya bima huwa juu zaidi na haikusudiwi kuuzia. Makumbusho ya jeshi la anga pale Hendon ni mahali pazuri pa kuzitazama ndege zenyewe, lakini kazi ya kuthamini mali za watu hawaifanyi.

Kabla hujaenda popote, piga picha nane: nzima, kila saini kati ya zile tano kwa karibu na mwanga wa ubavuni, mstari wa haki miliki, na mgongo wa fremu pamoja na kibandiko chochote cha duka kilichopo. Kibandiko hicho usikibandue. Mara nyingi ndicho kinachoonyesha iliuzwa wapi.